Maganga, Sasa Mti Umekulalia Wewe

Mtani wangu Maganga,

Mimi mzima. Nataka ulijue hilo kwanza kabla ya mengine. Ninakula, ninatembea mpaka Mlandizi na kurudi bila fimbo, na meno yangu ya mbele yapo yote. Wewe umekwenda. Salamu nyingine sikupi, maana hata ulipokuwa hai ukisalimiwa ulijibu kama mtu anayetozwa ushuru.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, usidhani nimeandikiwa. Ulisema mbele ya watu kwamba Kondo hajui kushika kalamu, atashikaje neno la mkutano. Basi nikaenda kisomo cha watu wazima. Nikakaa ubao mmoja na wake za watu, nikajifunza, na mwalimu mwenyewe alisema hajaona kichwa kizee kinachonasa kama hiki. Mkono wangu unakwenda polepole lakini unafika. Nikimaliza nitaibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, pale pale ulipokuwa ukibandika amri zako. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe.

Unakumbuka siku uliyofika kwetu? Mimi nakumbuka, maana mimi sisahau kitu. Ulikuwa umetoroka shamba la mkonge, manamba wewe, Mnyamwezi umeletwa na treni kutoka kwenu Tabora. Miguu ilikuwa imechanika na miba ya mkonge mpaka imevimba kama mihogo iliyooza. Huna kipande cha kazi, huna kanzu, huna hata kofia. Baba yangu alikuwa anaanika mpunga uani. Alikutazama, akamwambia mama, "Mpe maji huyo kijana anywe, halafu akae." Hakukuuliza umetoka wapi. Wala hakukuuliza una ruhusa ya nani.

Nyapara alipokuja kukutafuta na askari wake, ulikuwa ghalani chini ya magunia, mimi nimekaa juu ya magunia hayo napiga mluzi. Nyapara akauliza kuna mtu wa kuja hapa. Baba akasema, "Hapa kuna wanangu tu." Askari akaniambia nishuke. Nikamwambia nina jipu makalioni, na nikimwonyesha hatakula tena leo. Wakaondoka. Ulipotoka chini ya magunia ulikuwa unacheka na kulia vyote pamoja, ukaniambia, "Mzaramo, leo umeniokoa kwa makalio." Nikakujibu, "Mnyamwezi, kazi yenu kubeba mizigo, leo umekuwa mzigo." Toka siku hiyo ukawa mtani wangu, na si mtani wa kabila tu. Mtani wa kulala kitanda kimoja cha kamba.

Baba akakukatia shamba. Akakutafutia mke, Bi Mosi, mtoto wa watu, ambaye kusema kweli alikuwa ananitazama mimi, ila mimi sikutaka. Tatu, mwanangu, alikulia mgongoni kwako. Alikuwa anakwita Babu Mbeba, na wewe ulikuwa unambeba kweli, unamzungusha kijiji kizima unatangaza, "Nauza Mzaramo, mdogo, hali sana." Siku ya Uhuru tulikwenda Kibaha kwa miguu mimi na wewe, Tatu juu ya mabega yako, ngoma zinapigwa kila njia panda. Ulicheza mpaka ukapoteza kiatu. Ukasema sasa nchi ni yetu sote, hakuna tena kipande wala nyapara.

Haya. Maneno hayo ulisema wewe, mimi nilikuwa nayasikiliza tu.

Wakati wa kuhamia vijijini tulihama pamoja. Tuliacha nyumba zetu kule mahameni, tukaacha makaburi ya wazee na mikorosho yetu, tukaja kupanga nyumba kwenye mstari huku kandokando ya barabara. Ulikuwa unajua kusoma, ulijifunza mkongeni, basi watu wakakuchagua mwenyekiti. Mimi ndiye niliyesimama wa kwanza kukutaja. Nani angebisha neno la Kondo, aliyemuua kiboko wa mto Ruvu kwa mkuki mmoja?

Kisha likaja neno la kisima na neno la mti.

Nalieleza hapa kwa ajili ya watoto waliozaliwa juzi, wewe unalijua. Kijiji hakikuwa na maji. Wanawake walikuwa wanateka Ruvu, kwenda na kurudi jua linapanda. Tatu alikuwa ameolewa na Saidi, Mmakua aliyevuka mto Ruvuma akikimbia vita vya Wareno kwao, kijana wa kazi, mwenye sala zake tano. Saidi anajua kuchimba visima. Akaanza kutuchimbia bila kuulizwa, bondeni nyuma ya shule, akafika mahali udongo unabomoka, akasema hapa sasa lazima tujengee kwa saruji.

Saruji itatoka wapi? Mimi nikatoa akili. Nikasimama mkutanoni nikasema, yale malori ya kampuni ya mbao yanapita katikati ya kijiji chetu kila siku yamebeba miti ya msitu wetu. Yatozwe ushuru. Kila lori liache kitu kwa ajili ya kisima. Na Saidi na wenzake waliokimbia vita waandikwe kijijini, wapewe mashamba, maana mikono ndiyo inayolima.

Ukasimama wewe. Ulikuwa umevaa lile koti la kijani lenye mifuko minne, na joto lote lile.

Ukasema, "Ndugu zangu, Kondo anataka tuwafukuze wenye kazi na kuwakaribisha wenye njaa. Tukiwatoza hawa wa mbao, watahamia Kwala, vijana wetu watabaki wanapiga mbu. Na hawa wanaokuja na mikeka vichwani, leo mmoja, kesho kumi. Mihogo inaibwa. Miti inachomwa mkaa. Unga wenyewe ni wa yanga, ule wa njano wa msaada, tena wa foleni. Kijiji ni chungu kimoja. Tuweke mti barabarani, tujue nani anaingia."

Nikasema, "Wahamie Kwala, msitu watahama nao wameubeba kichwani? Hiyo ni kazi yenu Wanyamwezi, si ya kampuni."

Watu wakacheka. Hata wewe ulicheka kidogo. Kisha ukanijibu, "Na Mzaramo atalinda nini, yeye akisikia ngoma anaacha chungu jikoni kinaungua?" Wakacheka zaidi. Hapo ndipo nilipojua mkutano unakuendea wewe. Mikono ikanyooshwa, ya kwenu ikazidi. Ushuru hakuna. Kuandika wageni hakuna. Mti uwekwe.

Toka siku hiyo kijiji kikapasuka. Kukawa na Watu wa Mti na Watu wa Kisima. Watu wa Mti wanakunywa kahawa upande huu wa duka, Watu wa Kisima upande ule, na muuza kahawa ni yule yule mmoja, anazunguka kati yetu mpaka miguu inamuuma. Mtu akiozesha, upande mmoja hauendi. Msikitini tulikuwa tunapanga safu moja kwa sababu ya Mungu, lakini tukishatoa salamu ya mwisho kila mtu anatokea mlango wake. Chama kimoja, kijiji kimoja, lakini hatuazimani jembe. Na wewe na mimi tuliacha kutaniana. Watu hawakuliona hilo. Mimi nililiona.

Mti wenyewe uliutoa wapi, Maganga? Ulikwenda mahameni kwetu. Ulikata mkongo ulioota nyuma ya nyumba ya baba yangu, karibu na lile ghala alilokuficha. Ulisema ni mti wa kijiji sasa, kila kitu ni cha kijiji. Ukauchonga ukawa mrefu umenyooka, ukaufungia jiwe upande mmoja ili uinuke kwa mkono mmoja, ukaupaka rangi nyeupe na nyekundu. Ukaweka na kiti. Mgambo alipokuwa hayupo, ulikaa mwenyewe.

Tatu na mumewe walikuwa wamekwenda Kisarawe kwenye msiba wa jamaa wa Saidi. Walikwenda njia iko wazi, walirudi mti umelala. Mtu aliyetangulia alinijia mbio shambani, akaniambia, mzee, binti yako amezuiwa kwenye kizuizi. Nilifika na jembe begani.

Tatu alikuwa amesimama upande wa nje wa mti, mkeka kichwani, tumbo limeshaanza kuonekana. Saidi kando yake ameshika kuku. Wewe umekaa.

Nikakuuliza, "Mtani, utani gani huu?"

Ukasema, "Si utani. Tatu apite, ni mtoto wetu. Mwenzake alete barua ya balozi wa nyumba kumi wa kwao."

"Kwao kunawaka moto, balozi gani?"

"Basi arudi alikotoka hivi karibuni. Kisarawe wanapokea. Mimi nimefungwa na neno la mkutano, Kondo. Hata ningekuwa mimi ningejizuia."

Lori la kampuni likaja. Liliyumba na magogo yake, likapiga honi mara moja. Ukainuka ukakanyaga jiwe, mti ukapanda juu kama unapiga saluti. Lori likapita, vumbi lote likamwagikia mwanangu na mkeka wake. Halafu ukauachia. Ukalala tena mbele ya kifua chake. Mti ule ulikuwa unaliinukia lori na kumlalia mtu.

Nilikwambia pale pale, mbele ya Saidi na kuku wake, "Hata ungekuwa wewe? Wewe ulipofika ulikuwa na barua ya nani?"

Uliinama ukaanza kukaza kamba ya jiwe, nayo ilikuwa imekaza tayari.

Tatu hakulia. Yule ni damu yangu. Alisema, "Babu Mbeba, mimi na mume wangu tunaingia mlango mmoja." Akanigeukia mimi. "Baba, shikamoo na kwaheri. Sitapita chini ya mti huu mpaka uondoke." Wakageuka. Wakaenda Kisarawe kweli, na Kisarawe wakawapokea, wakawapa shamba. Mjukuu wangu alizaliwa huko, na wengine wakafuata. Wewe ulipata habari kabla yangu, nasikia ulimpelekea Tatu kitenge. Akakirudisha. Hilo nililipenda sana.

Watu wakaniambia nenda Kisarawe ukamwone mwanao. Mimi? Baba aende kubisha hodi kwa mtoto wake kwa sababu Maganga ameweka gogo barabarani? Nilisema atakuja yeye, na atapita njia yake aliyozaliwa nayo. Miaka ikaenda. Kisima kikabaki shimo, mbuzi wanatumbukia, mvua inakifukia. Wanawake waliendelea kuteka Ruvu. Malori yaliendelea kupita mpaka msitu ukawa uwanja, halafu kampuni ikaondoka yenyewe bila kutozwa hata ya chumvi. Haikwenda hata Kwala. Iliondoka tu. Mti wako ukabaki unalinda vumbi.

Na mimi nikabaki nakungoja. Nasema kweli, nilikuwa nakungoja ufe. Wewe ulinizidi umri kidogo na ulikuwa unakohoa. Mimi sikohoi.

Ulipokufa, Bi Mosi alimtuma mwanao Hamisi kwangu kabla ya wote. Alikuja amevua viatu. Akasema, "Baba Kondo, mtani wako ametutoka. Mama anasema uje ufanye kazi yako." Nikamwambia nitakuja. Niliingia ndani nikachukua shoka.

Kwanza ulingoja maji. Maji ya kukuosha yalikuwa yanatoka Ruvu, na siku hiyo walioyafuata walichelewa. Ulilala pale juu ya kitanda, mwenyekiti mzima, umefunikwa shuka, waoshaji wamekunja mikono. Mtu mmoja akasema, laiti kingekuwapo kisima. Mimi nilikuwa nimekaa barazani. Nilikuwa nakula tende.

Wewe mwenyewe uliusia uzikwe mahameni, karibu na baba yangu. Njia ya mahameni inapita kwenye kizuizi. Hilo hukulifikiri, au labda ulilifikiri. Jeneza lilipotoka, nilishatangulia. Mgambo alikuwa msibani. Nikaulaza mti, nikakaa kwenye kiti chako, shoka magotini.

Wakaja na wewe mabegani, kalima zinakwenda, wakasimama. Vijana wakaanza kutabasamu, maana wanajua, mtani akikaa njiani maiti haipiti mpaka apewe anachotaka. Ndiyo mila, hata shehe hawezi kuniondoa.

Nikauliza, "Nani huyo mnamleta?"

Hamisi akasema, "Ni baba, Mzee Maganga."

"Maganga wa wapi? Ana barua ya balozi wake?"

Walicheka mpaka jeneza likayumba. Mmoja akasema, "Mzee Kondo, huyu balozi wake ni Israili mtoa roho." Nikasema, "Basi Israili aje aandike hapa, mimi nimefungwa na neno la mkutano." Wakacheka tena. Wazee wa upande wako walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko. Walidhani tumesharudi kuwa watani.

Mimi sikuwa nacheka, Maganga.

Hamisi akasema, "Baba Kondo, jua kali. Sema unataka nini. Kuku? Mbuzi?"

"Sitaki kuku wa mbishi. Nataka mti huu."

Kicheko kikapungua. Hamisi akamtazama mwenyekiti mpya, mwenyekiti mpya akaitazama maiti. Akasema, "Mzee, hii mali ya kijiji." Nikamwambia, "Ni mkongo wa nyuma ya nyumba ya baba yangu. Au mnipe, au tukae hapa wote na huyu mpaka atoe harufu." Kisha Hamisi, mwanao mwenyewe, akasema, "Mpeni."

Niliukata pale pale barabarani. Mzee mimi, na shoka langu, kijana hakunisaidia hata pigo moja, na wote walisimama wanatazama nguvu za Kondo. Niliukata vipande vya urefu wa mkono. Vijana wakadhani nitabeba kuni. Nikawaambia wabebe wao, wavipeleke kaburini.

Unajua vile vipande vinavyolazwa juu ya maiti ndani ya kaburi, ili udongo usimguse. Wachimbaji walikuwa wameshaandaa mbao. Nikazitupa kando. Shehe akataka kusema, nikamwuliza kama kitabu kimetaja mti gani. Akafikiri, akasema mti ni mti. Basi nikashuka mwenyewe na mwanao, nikaupanga juu yako kipande kwa kipande, upande wenye rangi ukitazama chini. Mwekundu, mweupe. Mwekundu, mweupe. Cha mwisho nilikilaza usawa wa uso wako, nikakwambia kwa sauti ya kusikia wewe tu, "Haya sasa. Kanyaga jiwe uinuke."

Bi Mosi alipoambiwa hakucheka na hakulia. Aliniletea chakula kwa mikono yake akasema, "Umemaliza kazi, Kondo?" Nikamwambia nimemaliza. Akasema, "Afadhali." Hata leo sijui alisema afadhali ya nini.

Nikapeleka neno Kisarawe kwamba mti hakuna. Tatu alikuja siku ya arobaini yako. Alipita pale barabarani na mumewe na watoto wake, mkubwa ana masharubu yanaanza, hakuna aliyewauliza kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu nimevaa kanzu mpya. Akanishika mikono yote miwili, shikamoo baba, marahaba mwanangu. Halafu unajua alisema nini, kabla hata ya kukaa? Alisema, "Nipeleke kwa Babu Mbeba."

Nikampeleka. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo wako, akalia kama alivyolilia kipande cha muwa alipokuwa mdogo, kwa kwikwi. Wewe uliyemfukuza. Alilia sana, Maganga. Mimi niligeuka nikatazama mikorosho ya baba. Hakuna aliyemwambia ulichofunikwa nacho, na mimi sikumwambia. Lakini usidhani nitasikitika. Mkongo hauozi upesi, na mimi sibadiliki upesi.

Saidi yuko shimoni sasa ninapoandika. Nasikia sururu yake. Kijiji kimemwandika, mkutano mzima, hata Watu wa Mti walinyoosha mikono, na saruji imeagizwa. Kikitoka maji, watu watakunywa na watasema kisima cha mkwe wa Kondo. Jina lako halitatajwa. Nitahakikisha.

Kuna jambo moja tu linaniudhi. Hamisi alikuja juzi akaniambia, "Baba Kondo, siku yako ikifika, mimi ndiye nitakaa njiani mahali pa baba." Nikamwambia asijisumbue. Atafanya kwa adabu yule, atataka kuku, ataniachia nipite. Wewe usingeniachia. Wewe ungenikalisha juani mpaka jioni, ungenitukana mpaka wachimbaji wangeacha majembe wasikilize. Hilo ulipaswa kunifanyia, ukaondoka mapema. Hata hilo nimelihesabu katika makosa yako.

Basi lala. Najua unakokaa huko, umeshatafuta kiti na umeshatafuta mlango wa kulinda. Nikifika utakuwa hapo, na koti lako la mifuko minne, utaniuliza barua ya balozi. Sina barua, Maganga. Nakuja na shoka.

Mimi mtani wako uliyebaki naye,
mwenye mti,
Kondo